Namna ya Kupata Cheti cha Pakeji Kati ya Mwingi na Mtito Andei

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba ikielekea ukingoni, wakati mvua ya vuli imeshika Ukambani na magugu yanakimbizana na ndengu shambani. Ni kalenda isiyo na huruma. Kijana aliyehesabu siku miaka minne mizima anafika nyumbani Ijumaa na sanduku lake la bati, Jumamosi anachinjiwa kuku, Jumatatu alfajiri anakabidhiwa jembe. Hapo ndipo wengi wetu tulipogundua kwamba tulizaliwa na kipaji cha teknolojia.

"Mama, nataka kwenda kusoma kompyuta."

Mama haachi kupalilia. "Kompyuta ina miguu?"

"Haina."

"Basi utaikuta. Maliza mstari huo."

Mwongozo huu ni wa kijana huyo, na wa mtu mzima yeyote aliyesoma tangazo la kazi hadi mstari wa mwisho akavunjika moyo. Ninauandika mimi niliyeipita njia hiyo upande wa Kitui, kisha nikawasindikiza binamu zangu wawili kuipita upande wa Makueni. Mto Athi unazitenga kaunti hizi mbili, lakini cheti cha pakeji ni kilekile ng'ambo zote: karatasi ngumu, maua pembeni, mhuri wa rangi ya dhahabu, na jina lako likiwa na kosa moja.

Pakeji, kwa msomaji wa mbali, ni kozi ya miezi mitatu hivi inayofunga programu sita au saba za kompyuta katika furushi moja. Ni kama belo la mtumba: kilichomo ndani hukijui mpaka umelipa.

Hatua ya 1: Jua unakitakia nini

Fungua tangazo lolote la kazi ya ukarani au utawala serikalini. Mwombaji awe na elimu ya kiwango fulani, awe na uzoefu wa miaka kadhaa katika kazi ambayo hajawahi kupewa, na mwishoni kabisa, kama chumvi kwenye muthokoi, awe na cheti cha matumizi ya kompyuta kutoka taasisi inayotambulika. Mstari huo wa mwisho ndio utakaokula mbuzi wenu.

Usidhani kuna atakayetaka kukuona ukiitumia kompyuta yenyewe. Binamu yangu mkubwa aliitwa kwenye usaili, akakuta watu watano nyuma ya meza.

"Una cheti cha kompyuta?"

"Ninacho."

"Tukione."

Mmoja wao akakigeuza kuona kama nyuma kumeandikwa kitu, hakuona, akamrudishia. Usaili wa kompyuta ulikuwa umekwisha. Kazi aliipata, na siku ya kwanza alikabidhiwa daftari la jalada gumu, kalamu mbili na rula. Kompyuta ipo katika ofisi hiyo. Imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Hatua ya 2: Chagua chuo

Vyuo vya pakeji katika miji yetu, kuanzia Mwingi, Kabati na Mutomo hadi Wote, Emali na Kibwezi, hupenda ghorofa ya kwanza, juu ya bucha au duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi ni za chuma, na kibao kimekizidi chumba kwa upana. Kanuni ya kusoma vibao ni hii: chuo kadiri kilivyo mbali na lami, ndivyo kinavyokuwa cha kimataifa. Ukiona pameandikwa "Nafasi zimebaki chache", usikimbie. Kibao cha chuo changu kilisema hivyo nilipokuwa darasa la sita, na nilipofika baada ya kidato cha nne nafasi zilikuwa bado zimebaki chache.

Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 inataka chuo cha aina hii kiwe na leseni ya TVETA, mamlaka inayosimamia mafunzo hayo. Kuulizia leseni ni haki yako, ila uliza kwa ule upole unaomuuliza nao mwenye hoteli kama supu ni ya mbuzi kweli. Ukijibiwa kwamba karatasi "ziko Nairobi", aga kwa heshima, ushuke ngazi polepole. Zile za chuma huteleza.

Watu wa Makueni wana njia nyingine. Serikali ya kaunti yao ina vituo vya habari vya jamii vinavyofundisha vijana kompyuta ya msingi bila karo. Hapa sina budi kukuonya: ujuzi utaupata, lakini ukoo hautakuheshimu. Binamu yangu mdogo alisomea huko, akajua mambo kutuzidi sisi wote, na hadi leo babu humtambulisha kwa wageni kama "huyu wa kompyuta ya bure". Kitu kisichouziwa mbuzi, nani atakiamini?

Wenye uwezo zaidi hufanya ICDL, mtihani uliosambaa Ulaya katika miaka ya 1990 na ambao jina lake la awali kwa kirefu liliuita leseni ya kuendesha kompyuta. Nilipomweleza mjomba wangu wa bodaboda alicheka hadi akaegemea pikipiki. Yeye ameendesha miaka tisa bila leseni ya kuendesha kitu chochote.

Mwisho, kabla hujalipa, tazama kama chini ya ngazi pana saiba. Kwetu ilikuwapo: meza nne, printa mbili, na dada mmoja anayezihudumia zote. Mwamkie vizuri kila asubuhi. Utamhitaji kuliko mwalimu.

Hatua ya 3: Tafuta karo

Karo ya kwetu huja kwa majira. Ndengu huvunwa Januari na Februari. Maembe ya Makueni huanza kushuka sokoni Desemba, na broka wa maembe huja na bei aliyoiota usiku alipolala vibaya. Kwa hiyo ukitaka kuanza masomo Desemba ili kukwepa palizi, itabidi mbuzi auzwe. Na ukikubali kungoja ndengu, utakuwa umezipalilia. Wazazi waliipiga hesabu hii kabla hujazaliwa.

Mimi niligharimu mbuzi wawili, na jogoo mmoja wa fomu ya kujiunga. Mbuzi wa pili alikuwa na mimba. Mpaka leo kompyuta ikigoma mbele ya mama, yeye hunitazama kimya, nami najua anahesabu wajukuu wa yule mbuzi.

Hatua ya 4: Sahau Kiswahili ulichofunzwa

Shuleni uliambiwa kwamba mashine hii ni tarakilishi. Kitabu kingine kikasema ngamizi, neno linalosikika kama lina nia mbaya. Ya kupakata ni kipakatalishi, kibodi ni baobonye, paswadi ni nywila. Yote hayo yaandike kwenye insha upate alama, kisha yaache hukohuko. Mwenzetu mmoja aliyepata A ya Kiswahili aliinua mkono siku ya kwanza akaomba nywila ya tarakilishi. Mwalimu alimwelekeza nyuma ya bucha, vilipo vyoo.

Neno moja tu limefanikiwa kuingia darasani: kipanya. Tulikuwa na mama mmoja wa makamo, mweka hazina wa chama chake, aliyekuja kusoma kwa sababu wanachama walianza kuulizia hesabu. Aliambiwa apeleke kipanya juu ya skrini. Akakinyanyua kutoka mezani, akakiweka juu ya skrini, akakishikilia kwa vidole viwili kisianguke. Tulicheka. Kufikia mwezi wa pili hatukuwa tukicheka tena, maana yeye ndiye aliyekuwa akitueleza Excel.

Hatua ya 5: Mtii Mavis

Wiki za kwanza mwalimu wako hatakuwa mwalimu wako. Atakuwa Mavis Beacon, programu ya kufundisha uchapaji iliyotoka Marekani mwaka 1987, na ambayo katika vyuo vyetu imedumu kuliko viti. Utamwona kwenye skrini: mwanamke nadhifu, mweusi, mwenye tabasamu la mtu ambaye mshahara wake hauchelewi. Vidole vya kushoto juu ya A, S, D, F. Vya kulia kuanzia J. Vijinundu vilivyo kwenye F na J ni vya kukuonyesha nyumbani usipotazama.

Nilimheshimu sana. Hakukosa darasa hata siku moja, hakuwa na harusi ya kuhudhuria, hakuuza sare. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba Mavis Beacon hajawahi kuwepo. Jina lilibuniwa na kampuni, na sura ya kwenye jalada ilikuwa ya mwanamitindo mzaliwa wa Haiti, Renée L'Espérance. Basi mwalimu wa kompyuta anayejulikana kuliko wote Ukambani hana cheti, hana leseni na hana mwili. Hakuna aliyemuulizia.

Jambo moja Mavis hatakwambia. Herufi hizi zilipangwa hivi Marekani katika karne ya 19, kwa mashine za kupiga chapa, na aliyezipanga hakuwa na habari zetu. A, herufi inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili, aliipa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kile dhaifu ambacho hata ugali hakiusaidii. Jaribu kuchapa "Baba alikataa kabisa kukata kamba" mara kumi, uone kidole kitakavyoomba likizo. Kikamba nacho kina i na u zenye kiwimbi juu, nazo hazipo kwenye kibodi kabisa. Ukitaka kuandika salamu za bibi yako kwa usahihi, ziandike kwa kalamu.

Hatua ya 6: Fungua furushi

Word ni programu ya kukuonyesha kwamba umekosewa tangu kuzaliwa. Andika Mwende, inapiga mstari mwekundu. Andika Mutua, mstari mwekundu. Andika Kitui, mstari mwekundu, na ukibonyeza kwa unyenyekevu kuuliza kosa ni nini, itakupendekezea jina la mahali pengine. Usikubali. Barua nyingi za kuomba kazi zimefika ofisini zikiwa na saini ya mtu asiyekuwapo, kwa sababu mwenyewe alikubali masahihisho.

Excel inaheshimika zaidi, na hapa naomba utulie. Ukurasa mmoja wa Excel una mistari 1,048,576. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 987,653 Makueni na 1,136,187 Kitui. Ukimpa kila mtu mstari wake, Makueni nzima inaingia ukurasa mmoja na kubakisha mistari 60,923 ya watoto watakaozaliwa na wageni wa msimu wa maembe. Kitui inamwagika. Watu 87,611 wanabaki nje ya mlango, nami naweza kukuapia watakuwa wa pande za Tseikuru, kwa kuwa hata maji huwafikia mwisho. Nilimwonyesha mwalimu hesabu hii kwa fahari. Akaniambia haimo kwenye mtihani.

Yule mama mweka hazina hakujali mistari milioni. Alihitaji ishirini na minne, mmoja kwa kila mwanachama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye aligundua kwamba hata mali yenye daftari hupotea, ila sasa habari unazo. Siku aliyojumlisha safu ya mikopo kwa mara ya kwanza, alinyamaza, akatoa simu, akatoka nje kuongea na mwenyekiti. Tulisikia sauti yake hadi ghorofani.

Access itafundishwa siku ambayo mwalimu ana safari. Ukitoka hapo hujui ni ya nini, umefaulu kama sisi wengine.

PowerPoint ni ya kuyafanya maneno yaingie yakiruka. Herufi moja moja, kwa mlio wa breki. Utaipenda kuliko zote na hutaitumia tena mpaka utakapopewa dakika tano kwenye harambee ya kanisa, na stima hakuna.

Publisher ndiyo yenye riziki: kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Kwetu mtu haendi kaburini bila kijitabu chenye picha yake ya rangi na orodha ya wajukuu, na orodha hiyo husahihishwa hadi alfajiri ya mazishi, kwa kuwa daima kuna mjukuu mmoja aliyesahauliwa ambaye mama yake hajasahau.

Mwisho ni intaneti na barua pepe. Utaombwa ujifungulie anwani. Una miaka kumi na minane, kwa hiyo utajiita jina la kujisifu lenye nambari mwishoni. Ninakusihi: anwani hiyo ndiyo itakayokaa juu ya wasifu wako kwa miaka kumi ijayo, na siku moja afisa mwenye miwani ataisoma kwa sauti mbele ya wenzake.

Hatua ya 7: Ishi na stima

Kitabu cha pakeji kinaeleza umuhimu wa kuhifadhi kazi kwa nusu ukurasa. Stima inaeleza kwa sekunde moja. Upepo ukivuma, inapotea. Mvua ikinyesha, inapotea. Jua likiwaka bila sababu, inapotea pia, ili isizoeleke. Nilipoteza wasifu wangu mara tatu, na kila nilipouandika upya ulikuwa mfupi kidogo, hadi nikabaki mtu mnyenyekevu kabisa. Tangu hapo kidole changu hubonyeza Ctrl na S chenyewe, hata ninapoandika kwa kalamu.

Giza likiingia darasani, utasikia chini ya ngazi jenereta ya saiba ikikohoa mara mbili, kisha ikaitika. Chukua flashi yako ushuke. Darasa lote liko huko tayari, na yule dada anamsaidia mzee wa miaka sabini kurudisha paswadi ya KRA, mamlaka ya ushuru, huku akimwandikia chifu barua, huku akichapa mtihani wetu wa wiki ijayo. Usichungulie. Ukichungulia, usimwambie mtu.

Hatua ya 8: Fanya mtihani, vaa gauni

Mtihani wa kompyuta huandikwa kwa kalamu. Taja sehemu nne za kompyuta. Eleza tofauti ya kuhifadhi na kuhifadhi kama. Chora kibodi. Nilichora kibodi nzuri sana, nikasahau herufi Q, nikakatwa alama moja. Mama mweka hazina aliandika mistari miwili kwa kila swali na akapita sisi wote.

Mahafali hufanyika kwa gauni la kukodi lililoshonwa kwa mtu mrefu kuliko wote mkoani. Ukoo utakuja kwa matatu ya kukodi, wakati wewe ulikwenda darasani kwa miguu miezi mitatu. Mzee mmoja atakuuliza kama sasa unaweza kutengeneza redio. Jibu ndiyo, si siku ya kubishana.

Huenda ukapata mtu wa kukunong'oneza kwamba shida yote hii haikuwa na haja, kwamba yupo kijana anayeuza vyeti bila masomo. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi umefichua zaidi ya watumishi 2,000 wenye vyeti vya kughushi. Kwa hiyo mwambie hapana. Zaidi ya hayo, mbuzi ameshauzwa.

Hatua ya 9: Shuka ngazi

Sasa una cheti na tangazo la kazi. Maombi ni ya mtandaoni, cheti kiskaniwe na kupakiwa kikiwa PDF. Utagundua kwamba jambo hili halikuwa kwenye pakeji yoyote. Shuka kwa yule dada.

Alikipokea changu, akakitazama, akatabasamu. "Jina lako limekosewa."

"Nimeona. Sijui nani aliyekichapa."

"Ni mimi. Niliandikiwa hivyo kwenye orodha." Akafungua flashi yake. Vyeti vya darasa letu vyote vilikuwemo, maua, mhuri na yote, pamoja na vya waliotutangulia. Akarekebisha herufi moja, akaniambia nimpelekee mkurugenzi asaini upya. Nilipanda, nikasainiwa, nikashuka. Akaskani. Faili ilikuwa kubwa mno, tovuti ikaikataa. Akaipunguza kwa mibonyezo miwili ambayo sikuifuata. Akanijazia fomu kurasa nne, akiniuliza tarehe ya kuzaliwa huku akimwambia mzee wa KRA asiondoe mkono kwenye kipanya.

Nikausoma ule ukurasa wa masharti begani mwake. Kidato cha nne, anacho. Uzoefu wa miaka mitatu wa kuhudumia umma, anao wa miaka sita. Uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa, namna hiyo sijaona tena.

"Dada, mbona wewe huombi?"

Akanionyesha mstari wa mwisho kwa ncha ya kalamu. "Sina cheti."

Kinyozi hajinyoi, nikajisemea. Lakini wembe uko mkononi mwake, na faili iko kwenye flashi. "Si ungejichapia kimoja tu? Nani angejua?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mweka hazina hali pesa za chama. Kisha akageukia printa na kupangusa vumbi. "Hicho cha rangi ni shilingi hamsini. Kuskani ishirini. Fomu mia moja, maana ni kurasa nne."

Lipa, na usiombe punguzo.